Nyumba Zipo, Ufunguo Hautoki

Tangu Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, ashinde umeya wa New York mwezi Novemba 2025 kwa ahadi ya kusimamisha kupanda kwa kodi za nyumba, watu wa Dar na Nairobi hawana wimbo mwingine mitandaoni: na sisi tuwekewe. Nani atawalaumu? Mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi, dalali naye anasubiri mwezi wake. Kinachoniudhi ni majibu yetu sisi tulioko huku ughaibuni. Mmoja anaandika kwamba udhibiti wa kodi umeshindwa, kwa kuwa New York kuna maelfu ya nyumba za bei nafuu zilizofungwa kufuli. Mwingine anajibu kwamba zimefungwa kwa roho mbaya ya matajiri. Hakuna kati yao aliyepiga hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu.

New York ina karibu nyumba milioni moja ambazo kodi yake hupandishwa kwa kiwango kinachopangwa na bodi, nyingi zikiwa kwenye majengo ya kabla ya 1974. Tuseme bibi mmoja amekaa kwenye nyumba hiyo miaka 40 na kodi yake imefika dola 900 kwa mwezi. Siku akiondoka, nyaya ni za enzi hizo, rangi ya ukutani ina madini ya risasi, bafu linamvujia jirani wa chini. Fundi anataka, tuseme, dola 80,000. Zamani mwenye nyumba angetengeneza haraka, kwa sababu sheria ilimruhusu kumpandishia mpangaji mpya hadi asilimia 20, kuongeza sehemu ya gharama za ukarabati, na kodi ikivuka kiwango fulani (mwisho kilikuwa dola 2,774) nyumba ikabaki tupu, ilitoka kwenye udhibiti moja kwa moja. Juni 2019 jimbo likaifunga milango hiyo. Ukarabati uliokubalika kuingizwa kwenye kodi ukawa dola 15,000 kwa miaka 15, yaani nyongeza isiyofika dola 90 kwa mwezi. Dola 65,000 zilizobaki azimeze mwenyewe. Na akishampa mtu ufunguo, mpangaji huyo ana haki ya kuongeza mkataba kila unapoisha, kwa hiyo hapangishi kwa mwaka mmoja, anapangisha pengine kwa maisha ya mtu. Nyumba iliyofungwa inamkosesha dola 900, lakini inamwachia nafasi ya kusubiri sheria ilegee. Ililegea kidogo mwaka 2024, kikomo kilipopandishwa hadi dola 30,000, na 50,000 kwa nyumba zilizokaliwa na mtu mmoja muda mrefu. Wapo pia waliosubiri nyumba ya jirani nayo iwe tupu, wabomoe ukuta, na nyumba kubwa iliyopatikana ipangiwe kodi mpya. Mwanya huo ulizibwa mwishoni mwa 2023.

Basi tatizo ni bei kudhibitiwa? San Francisco inanizuia kusema hivyo haraka. Mwaka 1994 wapiga kura wa jiji lile walipeleka udhibiti hadi kwenye majengo madogo yaliyojengwa kabla ya 1980. Watafiti wa Stanford, Rebecca Diamond na wenzake wawili, walifuatilia yaliyofuata: wenye majengo hayo walipunguza nyumba za kupangisha kwa asilimia 15. Hawakuzifunga. Sheria ya California ya 1985, Ellis Act, inamruhusu mwenye nyumba kujitoa kabisa kwenye biashara ya kupangisha, hivyo walibadilisha nyumba zikauzwa mojamoja, au wakabomoa na kujenga upya, maana jengo jipya halidhibitiwi. Utafiti uleule unaonyesha kwamba wapangaji waliokuwemo walinufaika hasa, wakabaki pale ambapo wangeondolewa. Waliolipia ni waliokuja baadaye, wakakuta nyumba chache na kodi juu. Kwa hiyo kodi ya chini humpa mwenye nyumba sababu ya kutoka, ila namna atakavyotoka inaamuliwa na njia aliyoachiwa na sheria. California walimwachia kuuza, New York wakamwachia kufuli.

Nitaambiwa nakuza mambo. Uchunguzi wa jiji wa 2023 ulikuta nyumba takriban 26,000 za kodi iliyodhibitiwa zikiwa tupu na haziko sokoni, ambazo ni chini ya asilimia tatu, na nyingine kati ya hizo ziko kwa fundi kweli. Sawa. Lakini uchunguzi huohuo ulikuta nyumba zilizo wazi za kupangisha katika jiji zima, za bei zote, ni kama 33,000 tu, asilimia 1.41. Penye uhaba wa namna hiyo, 26,000 si makombo.

Sasa hao wanaotaka sheria hii ihamie kwetu. Tanzania Bara tulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi ya 1984, ikafutwa 2005. Kenya bado wanayo, ila kikomo chake ni shilingi 2,500 kwa mwezi, na mfumuko wa bei umeshakila. Mimi siogopi kwamba Sinza au Mbagala vyumba vitafungwa. Kufuli ni njia ya mtu aliyebanwa na kumbukumbu: New York kodi ya kila nyumba inayodhibitiwa husajiliwa jimboni mwaka hadi mwaka, na mpangaji anaweza kuomba historia yake yote akadai alichotozwa zaidi. Kwetu mpangaji akipewa risiti anashukuru. Mwenye nyumba wa Dar akiambiwa chumba ni shilingi 50,000, ataandika 50,000, na kilemba kitapita pembeni, kama kinavyopita kwenye fremu za Kariakoo bila mtu kuuliza. Anayetaka kodi idhibitiwe aanze na daftari: nani anampangisha nani, wapi, kwa kiasi gani, na risiti iko wapi. Nina shaka kama hata wapangaji wenyewe wataipenda kazi hiyo, hasa wale waliopanga nyumba nzima na kuwapangisha wengine chumba kimoja kimoja.