Barua ya Likasi na mwenye ufunguo

Toka Lubumbashi mpaka Likasi ni kilometa karibu 120. Wewe unafika siku ile ile. Barua ina saa yake yenyewe.

Tafuta mu nyumba ya wazee bahasha ya zamani. Mbele utasoma mhuri wa kule ilitoka: jina la mji, siku, mwezi, mwaka. Geuza nyuma, mara ingine utakuta mhuri wa pili, wa kufika. Hesabu siku zenye ziko katikati, njo utajua urefu wa njia. (Kama mhuri unasema Jadotville, ni wa mbele ya mji kuitwa Likasi, mwaka 1966.)

Sasa tazama anwani. Barabara hakuna, nambari ya nyumba hakuna. Iko B.P. na nambari, jina la mji, basi. Kwa kawaida barua haikufuata mutu ku mulango wake kule Kikula ao Panda. Ilingoja mu sanduku ku posta, na mwenye ufunguo alienda kuichukua. Akienda kila siku, ni vizuri. Akienda kisha juma mbili, saa ya posta ni ile yake. Na watu wengi hawakuwa na sanduku. Waliazima ya kampuni, ya masomo ao ya parokia, wakiandika "s/c" na jina la mwenyewe.

Lakini nambari ya kuazima haimfuate mutu. Mwaka 1992 na 1993, maelfu ya watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Hapa Likasi walilala ku gare pamoja na watoto, wengine miezi, wakingojea treni. Fikiri mama wa Mbujimayi mwenye alimwandikia kijana wake wakati ule. Barua inashuka, kijana anapanda, labda wanapitana njiani. Mu sanduku inabaki bahasha ya mutu mwenye hayuko tena, na nani atamwambia mama?

Leo simu inapeleka habari mara moja. Diplome na hati ya kuzaliwa haziingie mu simu, kwa hiyo wengi wanazipa msafiri wanayemjua. Ukifanya vile, usiandike jina tu. Andika avenue, nambari ya nyumba, simu ya mwenye kupokea, na simu ya jirani wake pia.