Saratani ya Titi Haitokani na Maziwa Kuganda

Shangazi yangu alipougua saratani ya titi, jirani mmoja alimwambia mbele ya watu kwamba aliyataka mwenyewe: hakuzaa, hakunyonyesha, basi maziwa yakamgandia kifuani. Shangazi hakujibu. Alijitanda leso, akaingia ndani, na kwa miezi minne hakukanyaga hospitali.

Siku hizo sikuwa na la kumjibu yule jirani. Leo ninalo.

Titi hubadilika maisha yote ya mwanamke. Hukua anapobaleghe na hujijenga upya kila apatapo mimba. Ujenzi huo huanzia kwa chembe chache ziitwazo seli shina, ambazo huzaa seli nyingine za tezi ya maziwa. Mwaka wa 2006 wataalamu wa Melbourne, Australia, walimpandikizia panya seli shina moja ya panya mwenzake, ikaota tezi nzima ya maziwa. Moja tu!

Wasimamizi wa ujenzi ni homoni, yaani estrojeni na projesteroni. Ajabu ni kwamba, kama wataalamu hao walivyoeleza mwaka wa 2010, seli shina za panya hazina vipokezi vya homoni hizo. Ni viziwi. Seli jirani (jirani tena!) ndizo zinazosikia, kisha huzipelekea ujumbe. Panya aliposhika mimba, seli shina ziliongezeka mara 11. Alipoondolewa ovari, zilipungua.

Sasa, kila seli inapogawanyika hunakili maagizo yake, na mwenye kunakili hukosea. Makosa yakilimbikizana, seli huweza kugawanyika bila kukoma. Hiyo ndiyo saratani. Mwanamke ambaye hakuzaa, au aliyeanza hedhi mapema na kukoma akiwa amechelewa, hatari yake huzidi kiasi. Mwitaliano Bernardino Ramazzini aliliona jambo hilo kwa watawa mwanzoni mwa karne ya 18.

Lakini kuzidi kiasi si hukumu. Wapo waliozaa wanane na kuwanyonyesha wote, wakaugua. Hata wanaume huugua. Na mwanamke asiyezaa, hayo maziwa ya kuganda angeyatoa wapi?

Mwaka wa 1896, daktari George Beatson wa Glasgow alieleza jinsi uvimbe ulivyonywea baada ya kumtoa mgonjwa ovari. Siku hizi kuna vidonge vya tamoksifeni, ambavyo huizuia estrojeni kushika vipokezi vyake kwenye titi. Haviwafai wote, kwani kuna saratani zisizo na vipokezi hivyo. Kwa hiyo nyama ya uvimbe inapopimwa, muulize daktari: vipokezi vipo au havipo?

Vya shangazi vilikuwepo. Dada yangu ndiye aliyemshika mkono wakarudi hospitali, akapasuliwa, kisha akaandikiwa kidonge kimoja kila siku kwa miaka mitano. Alivimaliza. Yule jirani bado huja kuomba chumvi, naye humpa.