Wa Kwanza Leo, Je Kesho?

Kila mwaka, mwezi Januari na tena majira ya kuchipua, huko Marekani na Kanada hutangazwa orodha ya vijana wa miaka 17 na 18, kila jina na namba yake: huyu ni wa kwanza, yule ni wa thelathini, mwingine ni wa mia mbili. Si orodha ya mtihani, wala si ya jeshi. Ni ya wachezaji wa mpira wa magongo wa barafuni wanaongojea kuchaguliwa na klabu za kulipwa za ligi iitwayo NHL. Mimi ni mwandishi wa habari, tena ni mzazi. Kwa jicho la kazi, orodha hiyo ni habari ya michezo kama habari nyingine. Kwa jicho la mzazi ni jambo zito, kwa maana watu wazima wamekaa kitako wakawapanga watoto wa wenzao kama magunia ghalani, na watoto wenyewe wanaisoma.

Mchezo huu si mgeni kabisa Afrika ya Mashariki. Mwaka 2005 uwanja wa barafu ulifunguliwa ndani ya hoteli ya Panari jijini Nairobi, na mwaka 2018 timu ya Kenya iitwayo Ice Lions ilialikwa Kanada, ikacheza pamoja na nyota wawili wa NHL, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Wachezaji huteleza kwa viatu vyenye vyuma vikali chini, wakigombea kwa magongo kisahani kigumu cheusi. Ni mchezo wa kasi na vishindo, na huko Kanada mtoto huanza kuteleza angali mdogo, pengine kabla hajajua kusoma.

Utaratibu wa kuwagawa vijana ulianza mwaka 1963 mjini Montreal, na mwaka huo walichaguliwa 21 tu. Siku hizi klabu ni 32, uteuzi huwa na raundi saba, na wanaochaguliwa hupindukia 200. Nia yake ni njema: klabu iliyofanya vibaya ipate nafasi ya kuchagua mapema, ili wenye nguvu wasijikusanyie vipaji vyote. Na kwa kuwa ilihofiwa kwamba klabu dhaifu ingeweza kujilegeza makusudi ili ishike mkia, tangu mwaka 1995 nafasi za juu huamuliwa kwa bahati nasibu.

Kabla ya siku hiyo kuna kazi kubwa ya wasaka vipaji. Tangu mwaka 1975 ligi ina ofisi yake maalumu ya kuwapima vijana, na kila klabu ina watu wake. Watu hawa husafiri majira yote ya baridi, hukaa katika viwanja vidogo vya miji midogo, daftari mkononi, wakiandika: huyu anateleza vizuri, huyu ana mikono laini, huyu anaogopa kugongwa, huyu huona mchezo kabla haujafika. Wanaocheza Amerika ya Kaskazini hupangwa katika orodha yao na wanaocheza ng'ambo katika yao. Walinda mlango nao huwekwa mbali. Baadaye vijana wapatao mia moja huitwa wapimwe miili. Huendesha baiskeli isiyokwenda popote hadi pumzi ziwakatike, huruka, huvuta, hukamua chuma kwa viganja; kisha huhojiwa na klabu moja baada ya nyingine.

Siidharau kazi hiyo. Crosby alikuwa wa kwanza kuchaguliwa mwaka 2005, MacKinnon mwaka 2013, Connor McDavid mwaka 2015, na wote watatu walithibitisha kwamba waliowachagua walikuwa na macho. Lakini hebu tutazame mwaka mmoja tu, mwaka 1984, katika uwanja wa Forum mjini Montreal. Wa kwanza alikuwa Mario Lemieux, na hakuna aliyeshangaa. Wa 51 alikuwa mlinda mlango Patrick Roy. Wa 117 alikuwa Brett Hull. Wa 171 alikuwa Luc Robitaille, ambaye wengi walimwona mzito katika kuteleza. Robitaille alikuja kufunga mabao 668 katika ligi hiyo. Wote wanne leo wamo katika Jumba la Heshima la mchezo huo. Baina ya wa kwanza na wa 171 yaliitwa majina mengi ya vijana walioonekana bora kuliko Robitaille, na wengi wao leo hawakumbukwi ila na jamaa zao.

Na yupo ambaye jina lake halikuitwa kabisa. Martin St. Louis alikuwa mfupi wa kimo, na hakuna klabu iliyomteua. Aliingia ligi kwa mlango wa uani, klabu yake ya kwanza ikamwacha, naye hakuacha. Mwaka 2004 aliongoza ligi nzima kwa pointi, akatuzwa kuwa mchezaji aliye muhimu kuliko wote, na timu yake ya Tampa Bay ikatwaa Kombe la Stanley.

Upande wa pili yuko Alexandre Daigle, wa kwanza mwaka 1993. Siku hiyo alisema kwamba amefurahi kuwa wa kwanza, kwani wa pili hakumbukwi na mtu. Wa pili alikuwa Chris Pronger, ambaye mwaka 2000 alipata tuzo ya mchezaji muhimu kuliko wote, na mwaka 2015 akaingia Jumba la Heshima. Daigle alicheza michezo 616, idadi ambayo wengi wangeililia, lakini kila mara alipimwa kwa ile namba moja, na mara zote alionekana amepungua. Simlaumu kwa maneno yake. Alikuwa na miaka 18, na kijana aliyehesabiwa tangu utotoni hujifunza naye kuhesabu.

Kosa linatoka wapi? Sehemu moja hutoka mahali ambapo wengi wetu tusingetazama, yaani tarehe ya kuzaliwa. Watoto wa Kanada hupangwa katika timu kwa mwaka wa kalenda. Aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba huhesabiwa rika moja, ingawa mmoja amemtangulia mwenzake kwa karibu miezi kumi na miwili. Kwa mtoto wa miaka saba, huo ni umri mkubwa. Yule wa Januari ana miguu mirefu, hivyo huteuliwa timu nzuri, hupata mwalimu bora na saa nyingi za barafu. Msaka vipaji ajapo miaka kumi baadaye, haoni tena tofauti ya miezi. Huona tofauti ya uwezo. Mwanasaikolojia Roger Barnsley na wenzake waliandika juu ya jambo hili mwaka 1985. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013, juu ya Wakanada walioteuliwa kati ya mwaka 1980 na 2007, ulikwenda mbali zaidi. Waliozaliwa Januari hadi Machi walikuwa asilimia 36 ya walioteuliwa, lakini walicheza asilimia 28 tu ya michezo. Waliozaliwa Julai hadi Desemba walikuwa asilimia 34, nao wakacheza asilimia 42. Maana yake ni kwamba wapimaji waliopevuka mapema waliwapa zaidi ya haki yao, na waliochelewa wakawapunja.

Ndugu msomaji, sisemi orodha zichomwe moto. Klabu ina fedha zake na nafasi zake chache. Haina budi kuchagua, na kuchagua ni kupanga. Lakini yafaa tujue orodha ni ya nani. Ni ya mnunuzi. Imeandikwa kujibu swali lake: nani atanifaa, na lini? Haikuandikwa kumwambia kijana yeye ni nani. Hatari huanza pale mzazi anapoichukua karatasi ya mnunuzi, akaitundika ukutani kwake, akaanza kumtazama mwanawe kwa macho ya dukani.

Kwa miaka mingi vijana hao wamekuwa wakihudhuria uteuzi pamoja na wazazi wao, wamevaa suti. Anayeitwa huinuka, humkumbatia mama yake, hushuka kupokea jezi. Wapo ambao raundi zote saba huisha wangali wameketi. Hapo wasaka vipaji wamekwisha kunja madaftari yao, na neno litakalosemwa njiani kurudi nyumbani ni la mzazi peke yake. Nadhani neno hilo lina uzito kuliko namba yoyote iliyotangazwa siku hiyo.

Sisi hatuna barafu, lakini namba tunazo. Nyumbani kwangu, ripoti ya shule inapoletwa, tunaisoma kuanzia chini. Mke wangu ndiye aliyeianzisha desturi hiyo. Kwanza tunasoma maneno ya mwalimu: anauliza maswali, anawasaidia wenzake, hesabu zimemshinda muhula huu. Kisha tunamuuliza mtoto mwenyewe anaonaje. Mwisho kabisa ndipo tunapotazama nafasi aliyoshika darasani. Hatuifichi wala hatuipuuzi, ila tunaipa kiti cha mwisho, kwa sababu yenyewe hueleza mtoto alisimama wapi siku ya mtihani, basi. Kule anakoelekea haikujui.

Wazazi wenzangu, wapimaji wa watoto wetu ni wengi, na wataongezeka kadiri wanavyokua: shule, kiwanda, ofisi, klabu ya mpira. Kila mmoja atakuja na mizani yake, na ni haki yake. Nyumbani pawe mahali ambapo mtoto anajulikana kabla hajapimwa, na ambapo akirudi bila kuitwa jina, sahani yake bado ipo mezani, imefunikwa.