Gitting, Mto Haupigi Hodi

Msomaji wangu, baridi ya Gitting acha kabisa! Kijiji kimeegemea Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Jioni, ndani ya msitu, nikakimbilia kusimika hema kando ya mto. Pazuri mno!

Mzee mwenyeji wetu akatikisa kichwa: "Mwanangu, hamisha. Mvua ikinyesha juu huko, mto haupigi hodi."

Nikakumbuka Desemba 3, 2023. Tope, mawe na magogo vilishuka kutoka mlima huuhuu hadi Katesh na Gendabi, vikaua watu zaidi ya 80. Nikang'oa mambo bila ubishi.

Tulilala mwinukoni, meno yakigongana. Mto niliusikia kwa mbali, na usingizi ulikuwa mtamu.