Safari Yangu ya Kwanza Nchi ya Mursik

Tulipopinda kushoto Mau Summit, baridi iliingia ndani ya matatu na abiria wakaanza kufunga madirisha. Muda si mrefu mashamba ya chai yakatanda pande zote mbili za barabara hadi Kericho mjini. Tukapita Chemosit, Litein na Kapkatet, kisha Kaplong tukashika njia ya Bomet. Nilikuwa nimeviona Nairobi vibuyu vilivyorembwa kwa ushanga na simbi, nikataka kumjua binti anayevitengeneza.

Nilipofika kwao, alinipokea kwa chai ya maziwa. Kulipopambazuka, kabla ya kunionyesha hata shanga moja, alinipeleka zizini. Aliosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, akakipangusa kwa kitambaa, kila ng'ombe na chake. Maziwa ya kwanza aliyakamulia kwenye kikombe cheusi, akayachungulia.

“Ukiona mabonge, dada, jua kiwele kinaugua,” aliniambia. “Na ng'ombe akidungwa antibiotiki, maziwa yake hayaingii kibuyuni mpaka zipite siku alizosema daktari wa mifugo.”

Ndama naye alipata fungu lake kabla ya mteja.

Kisha tukaingia jikoni. Alisugua kibuyu, ambacho Wakipsigis wa eneo hili hukiita sotet, kwa sosiot, ule ufagio mdogo wa mti wa jamii ya mnazi. Akachoma kijiti cha senetwet hadi kikawa kaa, akalisaga kaa hilo kwenye kuta za ndani mpaka zikang'aa kwa weusi. Maziwa yaliyochemshwa na kupoa yakamiminwa, kifuniko kikakazwa, kibuyu kikawekwa mahali penye ubaridi kwa siku kadhaa. Mkaa ndio unaoipa mursik, maziwa hayo yaliyochacha, harufu ya moshi na ile rangi yake ya kijivu. Ndiyo hii wanayonyweshwa wanariadha wetu uwanja wa ndege wakirudi na medali.

Mchana alishona ushanga kwenye mikanda ya ngozi. Wateja wake wakubwa ni familia zinazoandaa koito, sherehe ya posa. Picha huzituma kwa WhatsApp, hulipwa kwa M-Pesa, na mzigo husafiri kwa matatu.

Kwao pia wanachuma chai. Lakini chai hulipa kwa mwezi, na bonasi kubwa huja mara moja kwa mwaka. Maziwa na vibuyu ndivyo vinavyonunua chumvi ya mifugo na dawa ya minyoo katikati ya mwezi, na ng'ombe mwenye afya ndiye anayeirudisha pesa hiyo.

Kaunti za Kericho na Bomet zikitaka kuwainua vijana wa namna hii, ziwasogezee daktari wa mifugo karibu na zizi. Nawe msomaji, siku utakaponunua kibuyu cha mursik, usisifu ushanga peke yake. Uliza na hali ya ng'ombe.