Kitanda cha Juu Mjini Berlin

Tangu turudi kutoka Ulaya, jamaa zetu wa hapa Mkwaja wametuuliza mengi juu ya magari-moshi yapitayo chini ya ardhi, na baridi, na vyakula. Hayo wengine wamekwisha kuyaeleza vema kuliko tuwezavyo sisi. Wazee wachache ndio waliotuuliza, "Ulilala wapi, na kwa nani?" Nasi twaona kuwa swali hilo ndilo kubwa, maana kwetu mtu hulala kwa mtu. Hata wavuvi wa dago wanapotua ufukoni na kujenga vibanda vyao vya makuti, kila kibanda kina mwenyewe, na mgeni hupiga hodi akaitikiwa.

Mkutano wa walimu uliotupeleka ulikwisha mwezi wa Oktoba, na waliotualika wakatawanyika kwao. Ndege yetu ilikuwa bado siku nne, na fedha tulizobakiwa nazo hazikutosha hoteli. Basi tukaelekezwa nyumba ya wasafiri wenye fedha kidogo, karibu na Rosenthaler Platz, ambako mtu hakodi chumba, hukodi kitanda. Tulilipa yuro 26 kwa usiku mmoja, tukapewa kadi ya kufungulia mlango, na shuka mbili, na foronya, tukaonyeshwa ngazi. Hapakuwa na wa kututandikia. Wahenga husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; kule jembe hutolewa siku ya kwanza, palepale mlangoni.

Chumba kilikuwa na vitanda vinane vya ghorofa, wawili wawili, nasi tukaangukia kitanda cha juu. Umri wetu umepita miaka 50. Kupanda ngazi ile ya chuma mbele ya vijana, huku goti likilia, kulitutia haya kuliko hotuba yetu ya mkutanoni. Tulipoingia tulisema hodi kwa mazoea, na hakuna aliyejibu. Wala si kwa kiburi, bali kwa kuwa hakuna aliyekuwa mwenyeji.

Jikoni palitupendeza zaidi. Kila mtu huandika jina lake na siku ya kuondoka kwake juu ya chakula chake, akakitia katika jokofu, wala hakiguswi. Anayeondoka huacha alichosaza juu ya rafu moja, kiwe cha yeyote. Hivyo tulipika wali kwa mchele wa mtu tusiyemjua na chumvi ya mwingine, tukaosha sufuria, tukairudisha mahali pake.

Walimu wenzetu watapenda kujua kwamba nyumba za namna hii chanzo chake ni mwalimu. Mwaka 1909 Richard Schirrmann, mwalimu wa shule huko Altena katika Ujerumani, alikuwa safarini kwa miguu pamoja na wanafunzi wake, wakashikwa na mvua ya radi, wakapata kujificha katika shule ya kijijini, wakalala juu ya majani makavu. Usiku ule akawaza: mbona madarasa hukaa bure wakati wa likizo, na watoto hawana pa kulala njiani? Mwaka 1912 nyumba ya kwanza ya kudumu ikafunguliwa katika ngome ya zamani ya Altena, na desturi ile ikaenea duniani.

Lakini katika chumba chetu hawakuwa vijana watembezi tu. Chini yetu alilala mtu mzima kutoka Rumania, fundi wa kujenga, aliyekaa pale kwa sababu hakuweza kupata nyumba ya kupanga. Alikuja usiku na viatu vya saruji, akalala bila neno, akaondoka alfajiri. Uso wake ulikuwa na kovu. Tulimhofu. Usiku wa kwanza na wa pili tulifunga mkoba wetu mguuni kwa kamba ya kiatu, na habari hii hatuiandiki kwa furaha.

Usiku wa tatu, saa saba, simu yetu ilitetemeka chini ya mto. Shangazi yetu aliyetulea amefariki. Alikuwa Mwislamu, na maziko yatakuwa kesho yake kabla ya alasiri. Ndege yetu ilikuwa ya siku ya pili. Tukajua kwamba hatutamzika.

Kwetu taarifa kama hiyo haimkuti mtu peke yake. Kilio husikika, majirani huja na mikeka, na moto huwashwa uani. Kule tulilala tukiziba kinywa kwa shuka, tusije tukawaamsha watu saba waliolipa fedha zao ili walale. Hata tukashindwa. Tukashuka gizani, tukakosa kipago cha mwisho, tukamkanyaga yule fundi mkono.

Hakukasirika. Alitutazama kwa mwanga wa simu, akavaa koti, akatufuata jikoni. Kiingereza chake kilikuwa maneno machache. Tulisema, "Mama," maana neno shangazi lisingeeleza alivyokuwa kwetu. Akavua kofia. Akachemsha maji, akakata mkate wake ulioandikwa jina, akaweka nusu mbele yetu, akaketi. Hakusema neno lingine, wala hakurudi kulala, ijapokuwa kazi ilimngoja. Saa kumi na moja alisimama, akatushika bega, akaenda zake.

Kulipokucha tulitoka kutembea. Hatua chache kutoka pale, penye nyumba nambari 193 ya Brunnenstraße, pana jiwe dogo njiani lenye bamba la shaba ya manjano, lililowekwa mwaka 2007. Ni ukumbusho wa Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1904, aliyeitwa huko Husen. Alifika Ujerumani mwaka 1929, akawa mtumishi wa mezani, akafundisha Kiswahili, akaigiza katika filamu. Mwaka 1941 serikali ya Hitler ilimkamata, na tarehe 24 Novemba 1944 akafa katika kambi ya Sachsenhausen. Tulisimama pale kitambo, tukiwaza kama yuko aliyemkalia yeye matanga.

Tuliporudi, kitanda cha chini kilikuwa wazi. Shuka zimekunjwa na kutiwa kapuni, na juu ya rafu ya wote ilikuwapo nusu ya mkate. Jina lilikuwa limekatwa kwa kalamu, halisomeki.

Nyumbani tulikwenda kaburini, kisha tukaketi na wazee. Wakatuuliza ni nani aliyekaa nasi usiku ule, mtoto wa nani, wa wapi. Tukajibu kwamba ni mtu wa kitanda cha 5. Mzee mmoja akadhani hatukusikia, akauliza tena.