Ila Yetu na "Except" Yao



Nilifundisha Kiingereza nyumbani kwa zaidi ya miaka thelathini. Sikutarajia kwamba katika ustaafu wangu, hapa Toronto, ningekuja kusahihishwa na mjukuu wa darasa la pili.

Shule yake iliandaa sherehe yenye chakula. Mama yake alikuwa kazini zamu ya usiku, akaniomba nimwandikie mwalimu. Nikaandika kwa hati nzuri: "Besides pork, he eats everything." Nilikusudia kwamba anakula vyote isipokuwa nguruwe. Mwalimu alifahamu kinyume: juu ya nguruwe, anakula na vinginevyo. Mtoto akapewa soseji. Aliuliza ni ya nyama gani, akairudisha. Alhamdulillahi.

Kosa lilikuwa langu, nalo lilitokana na kufikiri kwa Kiswahili. "Mbali na" yetu ina nyuso mbili. Tukisema "mbali na Juma, wote walifika," tumemtoa Juma. Tukisema "mbali na ualimu, yeye ni mshairi," tumemwongezea kazi. "Apart from" ya Kiingereza ina tabia hiyo hiyo, na pia "aside from" inayosikika sana hapa Kanada. Lakini katika sentensi kama yangu, "besides" huongeza. Linalotoa ni "except", nalo hufuata maneno ya ujumla: "everything except pork". Tukitaka kuanza sentensi kwa kutoa, tutumie "except for". Ama "unless", hilo ni la sharti: "isipokuwa kama".

Hata hivyo, ndugu zangu, lau ningeandika "except", barua bado ingekuwa na ila. Anayetoa kimoja ameruhusu vyote vilivyobaki. Ningekuwa nimemtoa nguruwe, nikamruhusu kuku asiyechinjwa kihalali! Ndivyo ilivyo pia katika mkataba wa nyumba au karatasi ya bima: tusome kwa makini kilichotolewa, kisha tujiulize ni nini kimeachwa ndani.

Kwa hiyo, jambo likiwa zito, tuache kutoa na kujumlisha. Tuandike sentensi mbili fupi: "He does not eat pork. He eats only halal meat."

Nilipomweleza mjukuu wangu haya yote, alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema: "Babu, si ungeniuliza mimi?"